Bustani ya Wakosaji

Vijana wangu, mmeniletea karatasi yenye maneno mazuri sana. Mnataka kuanzisha bustani ya jumuiya chuoni kwenu, wanafunzi na majirani walime pamoja, ardhi itunzwe, watu wale vizuri na akili zao zitulie. Mnauliza mimi mzee nina ushauri gani. Nimeisoma mara mbili. Sikuona mahali palipoandikwa nani atashika jembe siku ambayo hataki. Basi kaeni niwaeleze ya kwetu.

Mkinikuta leo nimeinama kwenye tuta la vitunguu mnadhani nilizaliwa na jembe mkononi. Hapana. Katika miaka ile ya sabini nilikuwa Bwana Shamba wa chuo cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Arua kule Uganda, upande wa Manibe, na kwa miaka minne ya mwanzo jembe nililiendesha kwa fimbo. Nilivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi ndefu za kufika magotini. Nikisema "chimba hapa", ncha ya fimbo ilionyesha pale. Nilikuwa na stashahada ya kilimo, na mtu mwenye stashahada, niliamini, hana sababu ya kuchafua soksi.

Chakula chetu kilikuwa posho, ndio ugali wa mahindi, na maharage mchana, jioni maharage na posho. Mkuu wa chuo, mtu mpole aliyeogopa barua yoyote yenye mhuri, alitaka wanafunzi wale mboga. Tatizo ni kwamba wanafunzi walikuja chuoni kulikimbia jembe. Mmoja aliniambia wazi: "Mwalimu, nyumbani walinisomesha ili nisilime. Nikilima hapa, nimesoma nini?" Hata mimi, hiyo ndiyo sababu niliyosomea.

Naibu wa mkuu ndiye aliyepata dawa. Tulimwita Bwana Filimbi, kwa sababu filimbi yake haikutoka shingoni hata kanisani. Aliamuru kwamba anayechelewa, anayepiga kelele bwenini, anayekuja darasani bila kufunga vifungo, wote waende bustanini wiki nzima. Hivyo bustani yangu ikapata wafanyakazi, na mimi nikaanza maisha ya ajabu ya kutegemea dhambi za watu.

Msicheke. Nilikuwa Mkristo safi, lakini kila Jumatatu asubuhi nilisimama dirishani nikiomba watu wachelewe. Wakiwa na tabia njema, magugu yalinifika kiunoni. Mwaka mmoja alikuja mhubiri akakaa siku saba, akahubiri kwa machozi, chuo kizima kikaokoka. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyetukana, wezi wa sukari walirudisha sukari. Nyanya zangu zote zilikufa kwa kiu.

Na hata hao wakosaji, kazi yao ilikuwa kazi ya mtu aliyeadhibiwa. Mtu wa namna hiyo akikata mzizi wa mche kwa bahati mbaya, hasemi. Anaurudisha, anaushindilia udongo vizuri, unapita na fimbo yako unauona umesimama kama askari. Kesho kutwa umelala. Jifunzeni hili bila kulipia kama mimi: ushike mche kwa vidole viwili, uuvute kidogo sana. Ukikataa, uko hai. Ukija, mtu amekudanganya.

Lakini hata mimi nilidanganya, tena kwa elimu. Kijitabu changu kilisema kabichi, basi nikapanda kabichi. Nikaamuru magugu yote yang'olewe, na wanafunzi wakarundika kando ya njia lundo refu la majani mekundu na mabichi. Hapo ndipo akapita Mama Anzelika.

Mama huyu alitoka Kongo. Mume wake seremala alihamia Pajulu, jirani na chuo, naye akawa anauza mboga siku ya soko kule Inde. Alitua kikapu chake, akaangalia kabichi, akaangalia lundo.

"Bwana Shamba," akasema, "naona unatupa mboga, unachunga matundu."

"Mama, hayo ni magugu."

"Kabichi yako iko na tundu kama nguo ya marehemu. Hii lengalenga, mududu hapana gusa. Sasa gugu ni nani?"

Nikamweleza habari za kijitabu. Akanisikiliza kwa heshima, akajaza kikapu chake mchicha wangu wote, ndio lengalenga yake, akaenda zake. Jumapili ile mkuu wa chuo alinikaribisha chakula, na mke wake akatuletea mboga tamu iliyopikwa kwa simsim, yaani ufuta. Nikaomba nyongeza. "Nimenunua kwa mama mmoja wa Kongo," akasema. "Wewe Bwana Shamba, mbona hutupandii mboga kama hii?" Nikaendelea kutafuna.

Likizo ilipofika wanafunzi walienda makwao na bustani ikabaki yatima. Siku ya tatu Mama Anzelika alirudi na wanawake wanane wa Pajulu, kila mmoja na jembe begani. Nikawapeleka kwa mkuu wa chuo.

"Tumesikia hapa kuna shamba ya adhabu," Mama Anzelika akamwambia. "Wenye makosa wameenda nyumbani. Sisi iko hapa. Tuadhibu sisi."

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Akawapa nusu ya bustani: walime, wale, na kikapu kimoja kwa kila vinne kiende jikoni kwa wanafunzi. Tukatenga kwa kamba ya katani.

Waliporudi, wanafunzi walikuta jambo lililowachanganya. Upande huu wa kamba mtu analima huku akimlaani mama wa Bwana Filimbi. Upande ule, udongo uleule, jembe lilelile, jua lilelile, wanawake wanalima wakicheka, na watoto wao wamelala kivulini. Mimi mwenyewe nilisimama karibu na kamba kila siku nikijifanya nakagua, kumbe naiba masomo. Walipanda kunde chini ya muhogo ili udongo usikauke. Walinyunyiza majivu kwenye majani alfajiri umande ukiwa bado, yagande. Walifanya lundo la mboji kwa majani, mabua na samadi ya mbuzi, kisha wakachomeka fimbo katikati. Ukiichomoa ukaikuta ina joto kama chai, mboji inaiva. Ukiikuta baridi, geuza lundo. Hayo yote niliyaandika usiku na kuyafundisha darasani asubuhi kama elimu yangu. Nilisifiwa sana.

Sasa niwaambie habari ya Rajabu, ambayo ndiyo hasa ninayotaka muisikie.

Rajabu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kutoka Koboko, kijana mrefu, Mwislamu, mtoto wa sajini. Siku zile za utawala wa jeshi, kuwa mtoto wa sajini kulikuwa kama kutembea na mbwa mkubwa: mbwa hakufanyi kitu wewe, lakini hakuna anayekusogelea. Lori la tumbaku alilopanda liliharibika njiani, akafika chuoni siku mbili baada ya kufunguliwa. Bwana Filimbi, ili aonyeshe kwamba hamwogopi mtu, akamtia bustanini wiki moja.

Kijana alijua kazi. Mama yake alimfundisha bamia tangu utoto. Alilaza mbegu majini kabla ya kuzipanda, alihamisha miche jioni jua likipoa, na maswali yake alimwuliza Mama Anzelika ng'ambo ya kamba, mimi alinisalimia tu. Ndani ya wiki ile upande wetu ulianza kufanana na upande wa wanawake.

Sharti muelewe mambo ya daftari. Bwana Filimbi aliandika jina na kosa kwenye daftari la adhabu. Mwisho wa wiki mimi niliandika neno moja. Nikiandika "imeridhisha", mwanafunzi anaachiwa. Nikiandika "haijaridhisha", anarudia wiki nyingine.

Jumamosi ile nilishika kalamu. Nikiandika ukweli, Jumatatu Rajabu atakuwa kwenye kiwanja cha mpira, na mimi nitabaki na wale wa kushindilia miche iliyokufa. Biringanya zilikuwa bado kitaluni hazijahamishwa. Nikajiambia ni wiki moja tu. Nikaandika: haijaridhisha.

Rajabu alinifuata. "Mwalimu, kosa liko wapi?"

"Mistari," nikasema.

Akanyoosha mistari yote kwa uzi. Wiki ya pili nikamwambia nafasi kati ya mashina. Akapima upya kwa kijiti. Wiki ya tatu sikupata kosa kabisa, nikamwambia hasafishi jembe vizuri. Akalisafisha mpaka ungeweza kujitazama. Ndugu zangu, hakuna mwalimu aliyewahi kupata mwanafunzi msikivu namna ile, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kusikiliza upuuzi mkubwa namna ule. Muhula wa pili akachelewa kengele ya jioni, akaletwa tena, nami nikamshika tena wiki mbili.

Mwanzoni mwa muhula wa mwisho tukakutana chumba cha walimu kupitisha majina ya watakaofanya mtihani. Bwana Filimbi alifungua daftari.

"Rajabu, wa Koboko," akasoma. "Haijaridhisha mara tano. Kanuni yasema mara tano anaondolewa chuoni. Bwana Shamba mwenyewe ndiye aliyeandika, siyo mimi."

Kanuni hiyo niliwahi kuisoma siku niliyoajiriwa. Nilikuwa nimeisahau kama mtu anavyosahau jina la mjomba. Walimu wakanigeukia. Hapo palikuwa pa kusema neno moja tu. Nikakohoa. Mkuu akaniuliza kama ni kweli mimi niliandika. Nikasema ndiyo, mwandiko ni wangu. Wakapiga mstari juu ya jina, tukaendelea na jina lililofuata.

Mfahamu maana ya mstari ule. Mtoto wa sajini akifukuzwa chuo mwaka ule, hakurudi nyumbani kukaa. Baba yake angemtia jeshini wiki hiyohiyo, na jeshini wakati ule tulijua wengi walivyoingia, hatukujua wote walivyotoka. Rajabu alitaka kufundisha watoto hesabu. Hakutaka kitu kingine.

Nilikwenda bustanini nikamkuta anamwagilia biringanya zake. Alikwisha kuambiwa.

"Mwalimu, baba anakuja Jumamosi kunichukua," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Nionyeshe tu kosa lilikuwa wapi. Nilitaka kulijua kabla sijaenda."

Nikasema, "Rajabu, mambo ya bustani ni mengi," nikaondoka.

Mama Anzelika alikuwa amesimama ng'ambo ya kamba. Alinifuata mpaka kwenye bomba la maji.

"Ile kazi ya mutoto hakuna kosa," akasema. "Mimi naona, wote wanaona. Kwa nini uliandika mubaya?"

Nikamwambia ukweli, mtu wa kwanza kumwambia. Akaniangalia kama alivyoangalia kabichi.

"Basi ulikula jasho yake siku zote hizi," akasema. "Sasa unataka kumukula yeye mwenyewe."

Siku mbili sikulala. Nilijipa sababu nyingi: nina watoto, nitafukuzwa kazi, sajini ana bastola. Zote zilikuwa za kweli. Jumamosi saa nne Landrova ya jeshi ikasimama mbele ya ofisi, sajini akashuka, mtu mfupi, mnene, buti zikimeta. Nikaingia nyuma yake kabla miguu haijabadili shauri. Ofisini walikuwamo mkuu wa chuo, Bwana Filimbi na daftari lake, na Rajabu na sanduku la bati.

"Mheshimiwa Mkuu," nikasema, "nilichoandika ni uongo. Kazi ya kijana huyu ilikuwa nzuri mara zote tano."

Sajini alinigeukia taratibu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Wewe nasema mtoto yangu nalima mzuri?"

"Mzuri kuliko mimi, Afande."

"Sasa kwa nini naandika mbaya?"

"Ili asiondoke. Nilikuwa sina mtu mwingine anayejua kazi."

Niliangalia kiuno chake, bastola ilikuwepo. Halafu bega lake likaanza kutikisika. Nikadhani ni hasira. Alikuwa anacheka.

"Hata jeshi iko hivyo!" akamwambia mkuu wa chuo. "Askari mzuri hapana pata likizo. Mvivu, yeye napata kila mwezi, kwa sababu hakuna nataka kuona uso yake. Mimi miaka kumi na mbili naomba likizo, wanasema, sajini, bila wewe stoo itaanguka." Kisha kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. "Lakini jeshi, mkubwa akishikwa nafanya hii, yeye pia nachimba."

Mkuu wa chuo, ambaye kwa kawaida uamuzi mdogo ulimchukua majuma matatu, aliamua papo hapo. Mstari ulifutwa, Rajabu akarudishwa kwenye orodha ya mtihani. Mimi nikapewa muhula mzima bustanini, na jembe. Bwana Filimbi aliandika jina langu daftarini kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika.

Rajabu alibeba sanduku lake akapita karibu nami. Hakuniambia asante.

Jumatatu saa kumi na moja jioni nilivua soksi. Nilipomaliza tuta la kwanza viganja vilikuwa na malengelenge manne. La pili lilikuwa limepinda kama mkia wa nguruwe. Habari ilienea. Wanafunzi ambao hawakuwahi kukanyaga bustani kwa hiari walipanga mstari kumtazama Bwana Shamba anavyolima. Mwanzoni walicheka. Kisha mmoja hakuvumilia.

"Mwalimu, unalishika kama kijiko. Lete hapa."

Akalichukua, akaonyesha: mkono mmoja karibu na chuma, mwingine mwisho wa mpini, mgongo usipinde peke yake, goti lisaidie. Mwenzake akasema siyo hivyo, kwao hulima hivi. Wakabishana. Wa tatu akaleta jembe lake. Baada ya juma moja nilikuwa na vijana ishirini wanaobishana kwa majembe, hata mmoja wao hakuwa na kosa lolote, na wanawake ng'ambo ya kamba wakiwasahihisha wote. Kamba yenyewe mtu aliichukua akafungia mbuzi, sikuuliza ni nani. Bwana Filimbi alikuja kila Jumamosi, akatazama tuta langu, akaandika haijaridhisha. Hakuwahi kukosea.

Huo ndio muhula ambao nilifundisha kilimo. Kabla yake nilikuwa natoa amri, na baada yake watu walinisifu kwa mbinu mpya za kushirikisha jumuiya. Nilikubali sifa hizo. Nimewaambia mimi si mtakatifu.

Rajabu peke yake hakuja. Jioni zote za muhula ule nilimwona akipita na mpira kwapani, akitazama mbele. Alifanya mtihani, akafaulu, akapangiwa shule huko kwao Koboko. Aliondoka bila kuaga.

Miaka mitatu baadaye, nikiwa na shughuli Koboko, nilibeba pakiti sita za mbegu za dukani nikaenda kumtafuta. Njiani nilikuwa nimekwisha kuiona bustani ya shule yake akilini, mistari ya uzi, ubao wenye jina. Nilikuta uwanja umefagiwa mweupe, bila jani hata moja. Rajabu alitoka darasani na chaki mikononi, akanipa mkono, akanitafutia kiti. Alikuwa ameoa.

"Sioni bustani," nikamwambia hatimaye.

"Hakuna, Mwalimu. Kamati ya wazazi inataka. Nimekataa. Sitaki kuona watoto wanashika jembe kwa amri yangu."

Nikamwomba radhi pale. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi barabarani, yakatoka mawili. Akapangusa chaki kwenye suruali, akasema, "Njoo nyumbani ule."

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na uzio wa matete, na ndani ya uzio kulikuwa na bustani ambayo sijaiona mfano wake. Bamia zimenipita kichwa. Lengalenga, kunde, biringanya, kila kitu kimepandwa katikati ya kingine, na udongo mweusi uliofunikwa majani makavu kote. Nilitaka kuuliza ni nani anayemsaidia.

"Hapa hakuna mutu alinituma," akasema kabla sijauliza. Aliisema kama Mama Anzelika, kwa lafudhi yake hasa, nadhani bila kujua.

Tulikula bamia kwa posho. Nikampa pakiti zangu. Alizisoma moja moja kwa adabu, akazirudisha. "Hizi ukivuna, mbegu yake haifanani na mama yake," akasema. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na mbegu za bamia zake, alizochagua mwenyewe kwenye mashina yaliyochelewa kutoa ua, yale yanayostahimili kiangazi. Hakusema amenisamehe. Alinisindikiza mpaka barabarani.

Mwaka uliofuata ndio ule wa sabini na tisa. Vita vya kuuangusha utawala ule vilipanda kutoka kusini, na sisi watu wa West Nile, yaani mkoa wa Arua na Koboko, tukavuka mpaka na tulichoweza kubeba. Nilipoteza nyumba, vitabu, fimbo na soksi. Stashahada ilikuwa kwenye mfuko wa shati, kitambaa cha Rajabu kwenye mfuko wa suruali. Upande wa Kongo mzee mmoja alitupa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake, nikakilima kwa jembe la kuazima, na baada ya miezi miwili bamia zilikuwa zinazaa kuliko za kijiji kizima. Mzee akaja kuzitazama.

"Muzee mwenzangu, nani alikufundisha kulima hivi?"

"Wanawake wa Pajulu," nikasema, "na kijana mmoja mwanafunzi wetu, ambaye nilimkosea."

"Mwanafunzi? Na wewe, kule kwenye chuo, kazi yako ilikuwa nini?"

"Nilikuwa mwalimu wa kilimo."

Mzee wa watu alicheka mpaka akaketi chini kati ya bamia.